Mafuriko ya Mai Mahiu: Wenyeji wasikizwe kabla, si baada

Shule za humu nchini zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili siku ya Jumatatu, Aprili 29, 2024. Katika kijiji cha Kamuchiri, karibu na mji wa Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yamkini zilikuwako sare zilizokwisha kufuliwa na madaftari yaliyokwisha kufunikwa tayari kwa safari ya asubuhi. Safari hiyo haikuwako. Usiku wa kuamkia siku hiyo, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli katika miinuko ya Old Kijabe yalivunja kizuizi, yakateremka kwa kishindo yakibeba matope, mawe na magogo, na yakawakuta watu wangali usingizini. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Nyumba zilisombwa, magari yakabingirishwa kama vifuu vya nazi, na barabara ikakatika. Wizara ya Elimu ililazimika kuahirisha ufunguzi wa shule kote nchini kwa sababu ya mvua za msimu huo, na wanafunzi hawakurejea madarasani hadi Mei 13. Wapo ambao hawakurejea kabisa.

Nilisita kuandika juu ya maafa haya kwa kuwa mimi si mhandisi wala si mtaalamu wa miamba. Kazi yangu ni kufundisha isimu, yaani kuchunguza jinsi binadamu wanavyotumia lugha. Lakini kadiri nilivyosoma na kusikiliza yaliyosemwa baada ya usiku ule, ndivyo nilivyozidi kusadiki kwamba sehemu moja ya janga hili ilianzia katika jinsi tunavyoongea, na hasa katika swali la nani huongea na nani husikizwa ardhi inapogawanywa, inapopimwa na inapojengwa. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka ingawa si nyepesi kuitekeleza: hakuna mpango wa matumizi ya ardhi utakaowaepusha watu na mafuriko ikiwa watu hao hawakushiriki kuutunga, na hawawezi kushiriki katika jambo wasilolielewa lugha yake.

Hebu tuanze na neno moja. Saa za kwanza baada ya maafa, habari zilizoenea ni kwamba bwawa lilikuwa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba hapakuwa na bwawa lililopasuka. Kilichotokea, kwa mujibu wa maelezo hayo, ni kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo, mawe na udongo. Maji yakajaa nyuma ya tuta hadi yakashinda nguvu za kizuizi hicho. Mtu aweza kuuliza kuna tofauti gani kwa aliyefiwa. Kwa aliyefiwa huenda hakuna. Lakini kwa anayetaka maafa hayo yasirudi, tofauti ni kubwa sana. Bwawa lina mwenyewe. Bwawa la Solai, katika kaunti iyo hiyo ya Nakuru, lilipovunja kingo zake Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40, swali lililoulizwa mara moja lilikuwa ni nani mwenye bwawa, nani alilitolea kibali na nani alipaswa kulikagua. Na watu walifikishwa mahakamani. Kalvati lililoziba, kwa upande mwingine, ni kitu cha njiani ambacho kila mtu hukipita bila kukitazama. Je, ni la shirika la reli? Ni la kaunti? Ni la mamlaka ya maji? Ni la wanakijiji wanaoishi chini yake? Kitu kisichokuwa na mwenyewe katika maneno ya watu, aghalabu hakina mwenyewe katika vitendo pia.

Tazama vilevile sentensi tunazozizoea. Tunasema mafuriko yalikumba kijiji, maji yalisomba nyumba, watu walifariki. Mtendaji katika sentensi hizi ni maji peke yake. Hakuna aliyekata msitu, hakuna aliyeuza ploti ndani ya mkondo, hakuna aliyeidhinisha ramani, hakuna aliyesahau kuzibua kalvati. Kisha tunafunga mjadala kwa methali kwamba ajali haina kinga. Lakini wataalamu wa maafa kote ulimwenguni wamekwisha kukubaliana kwamba mvua peke yake haifanyi maafa. Mvua ni hatari. Huwa maafa inapokutana na makazi yaliyowekwa mahali pasipofaa, na watu wasiokuwa na habari wala njia ya kujiokoa. Mvua hatuwezi kuizuia. Hayo mengine ni kazi ya mikono yetu, na kilichofanywa na mikono chaweza kurekebishwa kwa mikono.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Mai Mahiu imekaa chini ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Juu yake ni Kijabe na msitu wa ukingo huo, mahali penye baridi na mvua nyingi; chini ni uwanda mkavu unaoelekea Longonot, Suswa na Narok. Maji yanayonyesha juu hayana budi kushuka, na hushuka kwa mwinamo mkali katika mwendo mfupi. Udongo wa uwanda ule, ambao sehemu kubwa ni majivu ya kale ya volkano, humomonyoka upesi. Wasomaji watakumbuka ufa mkubwa uliotokeza mwezi wa Machi 2018 karibu na Suswa ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya ng'ambo yalitangaza kwamba Afrika ilikuwa ikipasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walisema jambo la kawaida zaidi, kwamba mvua kubwa ilikuwa imeyachukua majivu yaliyoujaza ufa wa zamani. Ardhi ile, kwa maneno mengine, ilikuwa imetuonya miaka sita kabla ya Kamuchiri.

Juu ya ardhi ya namna hiyo, binadamu tumeweka mengi. Reli iliteremshwa ukingo ule mwanzoni mwa karne ya 20. Barabara ya Mai Mahiu ilijengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambao pia waliacha lile kanisa dogo linalosimama kando ya barabara hadi leo. Mwaka 2019 ikafunguliwa reli mpya kutoka Nairobi hadi Suswa. Kila tuta la reli na kila tuta la barabara linalopita katikati ya mteremko ni ukuta unaosimama mbele ya maji, na uhai wa walio chini yake unategemea tundu lililoachwa ili maji yapite. Watu nao wamezidi kuja. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya waliofukuzwa makwao walichanga fedha kidogo walizopewa na serikali wakanunua ardhi Mai Mahiu kwa vikundi. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Aliyekimbia moto haulizi sana habari za maji, na mwenye mfuko mwepesi hununua penye bei nafuu.

Isitoshe, Mai Mahiu ni mahali ambapo kwa miezi mingi tatizo huwa ni ukosefu wa maji. Mwezi wa Januari 2005, wakulima na wafugaji walipigana katika eneo hilo kwa ajili ya maji ya mto Ewaso Kedong, na damu ikamwagika. Wilaya ambayo watu waliuana kwa sababu ya uhaba wa maji ndiyo ambayo, miaka 19 baadaye, watu walikufa kwa wingi wa maji. Katika nchi kavu kama hiyo, mkondo wa msimu ni mdanganyifu. Kwa miezi minane au tisa huonekana kuwa uwanja mtambarare wenye mchanga, mahali pazuri pa kujenga. Mnunuzi huonyeshwa ploti wakati wa kiangazi, mpimaji hupima wakati wa kiangazi, na hati hutolewa bila kutaja kwamba mara moja katika miaka 10 au 20 mto hurejea kudai kitanda chake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaojua habari za mikondo hiyo ni wale waliolala kandokando yake miaka mingi: wafugaji waliovusha ng'ombe pale, wazee waliolima pale, akina mama waliochota maji pale.

Ujuzi huo mara nyingi umehifadhiwa katika majina. Jina la Mai Mahiu ni la Kikuyu, na maana yake ni maji ya moto. Naivasha linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka na kupanda. Nairobi, pia kwa Kimaasai, ni mahali pa maji baridi. Waliotangulia kuishi katika nchi hii walipoutaja mji walitaja maji yake, kwa sababu walijua kwamba usalama wa makao hutegemea tabia ya maji. Sisi tumeyachukua majina tukaiacha maana. Mahali pa jina la kijito tumeweka nambari ya ploti, na nambari haimwonyi mtu. Huko Japani, katika kijiji cha Aneyoshi, wenyeji waliweka jiwe lenye maandishi ya kuwaasa wazao wao wasijenge nyumba chini ya mahali lilipo, baada ya mawimbi ya bahari kuua watu wengi mwaka 1933. Mwaka 2011 mawimbi makubwa yalipokuja tena, hayakulifikia jiwe hilo, na nyumba zilizokuwa juu yake zilisalimika. Jiwe lile halikuwa na uhandisi wowote. Lilikuwa na maneno machache, yaliyoandikwa na wenyeji, kwa lugha ya wenyeji, na yakatiiwa.

Watetezi wa serikali watasema kwamba sheria zetu zimekwisha kuyaona haya yote. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10. Kifungu cha 60 kinataka ardhi itumiwe kwa njia endelevu, na Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyalinda mazingira na ifikishe miti katika asilimia 10 ya nchi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa maji katika kila bonde la mto. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazitaka kaunti ziwe na mipango na ziwashirikishe watu katika kuitunga. Kwenye karatasi, hatudaiwi.

Tatizo ni namna ushiriki huo unavyofanywa. Tangazo hutolewa kwa Kiingereza katika ukurasa wa ndani wa gazeti au katika Gazeti Rasmi la Serikali. Rasimu yenyewe ni kitabu kinene cha Kiingereza chenye ramani ambazo hata mhadhiri hupata taabu kuzisoma. Watu huitwa barazani, mtaalamu huzungumza kwa saa nzima akichanganya lugha mbili, maswali mawili matatu huulizwa, majina hutiwa sahihi, na kesho yake huandikwa kwamba umma ulishirikishwa. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ni mipango mingapi ya matumizi ya ardhi uliyowahi, ewe msomaji, kuisoma kwa Kiswahili? Hata kanuni ya ardhi ya kando ya mto, inayotaja upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kutegemea upana wa mto, inamwacha mwananchi gizani. Atapimaje upana wa mto ambao leo hauna hata tone la maji? Jibu analo mzee wa kijiji atakayemwonyesha maji yalifika wapi mvua za mwaka 1997 zilipopiga, lakini mzee huyo hana nafasi katika fomu ya mpimaji.

Miezi michache baada ya Kamuchiri niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu zoezi. Niliwapa ilani ya hali ya hewa ya kawaida, ya Kiingereza, iliyosema kuwa upo uwezekano mkubwa wa mvua kuzidi wastani katika maeneo kadhaa. Nikawataka waiandike kwa Kiswahili kiasi kwamba bibi yake mtu, akiisikia redioni, ajue la kufanya usiku huo. Wengi wao waliandika kwamba mvua itakuwa juu ya wastani. Nikauliza: wastani wa nini? Bibi atauona wapi wastani? Darasa likanyamaza. Mwanafunzi mmoja, aliyezaliwa katika miteremko ya Kijabe, ndiye aliyefaulu. Aliandika kwamba mvua yaweza kuwa kama ile ya El Nino ya mwaka 1997, kwamba maji yatapita yalikopita mwaka ule, na kwamba kila aliyejenga tangu hapo katika njia hiyo ahamie kwa jirani aliye juu kabla ya jua kuchwa. Alikuwa ameyaongeza mambo matatu yaliyokosekana katika ilani: kumbukumbu, mahali na tendo. Nilimpa alama zote. Moyoni nilisikitika, maana nilijua kwamba ilani zinazowafikia watu hazina hayo.

Haitoshi kulalamika, tuangalie pia palipofaulu, na tusiende mbali. Katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, toka Ethiopia hadi India, utayakuta maneno mawili ya Kiswahili ambayo hayakutafsiriwa: fanya juu. Ni jina la aina ya tuta ambalo mkulima hulitengeneza kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, hata baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe likawa ngazi ambazo maji hayawezi kuziteremka kwa kasi. Jina hilo lilitoka kwa wakulima wa Ukambani. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba wakazi wa Machakos waliongezeka kutoka takriban 240,000 katika miaka ya 1930 hadi zaidi ya milioni 1.3 kufikia mwisho wa miaka ya 1980, na bado mmomonyoko wa ardhi ulipungua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya ujima viitwavyo mwethya, na wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Walichagua wenyewe tuta lililowafaa, wakaliita kwa lugha waliyoielewa, na sayansi ikaja nyuma yao kujifunza.

Linganisha na yaliyotokea Murang'a. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu, wengi wao wanawake, kuchimba matuta asubuhi kadhaa za kila juma chini ya uangalizi wa machifu. Matuta yale kitaalamu hayakuwa mabaya. Lakini mwaka 1948 wanawake waliandamana wakayakataa, kwa sababu amri ilitoka juu na shukrani haikuwako. Udongo ulikuwa ule ule wa Kenya, na mvua ile ile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeamua.

Karibu zaidi na Mai Mahiu, katika bonde la Ziwa Naivasha, tumeona mfano mwingine. Kuanzia takriban mwaka 2010, watumiaji wa maji walio kando ya ziwa, wakiwemo wakuzaji maua, walikubaliana kupitia vyama vya watumiaji wa maji kuwatuza wakulima wa Wanjohi na Turasha, walio juu katika miinuko ya Nyandarua, ili wapande nyasi na miti kandokando ya mito na kuzuia udongo usiteremke ziwani. Mpango ule ulikuwa mdogo na haukumaliza matatizo yote. Ziwa lenyewe katika miaka ya karibuni limepanda likazifukuza familia nyingi katika mtaa wa Kihoto. Hata hivyo, uliweka msingi muhimu, kwamba aliye juu na aliye chini ni majirani hata kama hawajawahi kuonana, na kwamba anayemhifadhia mwenzake anastahili kitu. Kijabe yenyewe, tangu miaka ya 1990, ina kundi la wenyeji waliojitolea kuutunza msitu wa ukingo ule. Watu wa kufanya nao kazi wako. Kinachokosekana ni kuitwa mezani mapema.

Na kwa yule anayedhani kuwa wananchi maskini hawawezi kukabiliana na nguvu za maji, namkumbusha Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi hiyo. Mwaka 1972 serikali na chama cha Msalaba Mwekundu vilianzisha mpango wa wanakijiji wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na bendera na vipaza sauti wakiwaonya jirani zao. Kimbunga kikali cha Sidr kilipokuja mwaka 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Hao ni wengi mno, lakini hawakaribii idadi ya 1970. Nchi ile haikuwa imetajirika kiasi cha kuizuia bahari. Ilikuwa imejifunza kumpa jirani kazi ya kumwamsha jirani.

Sitaki nieleweke kwamba wenyeji ni malaika. Baadhi ya wanaochoma makaa katika msitu wa juu ni wenyeji. Wanaochimba mchanga kiholela, wanaotupa takataka katika mitaro hadi makalvati yakaziba, na wanaomuuzia mgeni ploti wakijua fika kwamba ni njia ya maji, wengine wao ni wenyeji. Tena wengi wa wakazi wa Mai Mahiu ni wageni wa juzi ambao hawaijui historia ya ardhi waliyoinunua. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kushirikishana. Mtu akiketi barazani na wenzake wakakubaliana hadharani kwamba korongo hili ni la maji na si la nyumba, hawezi kesho kuliuza kwa siri bila kuonekana. Mgeni naye hupata nafasi ya kuuliza kabla ya kutoa fedha zake. Ushiriki wa kweli hauwapi watu haki peke yake. Huwatwika na wajibu. Amri ya kutoka mbali huwafanya watoro, bali makubaliano huwafanya walinzi.

Baada ya maafa, serikali iliwataka watu wote walio katika maeneo ya hatari wahame mara moja, na Mei 10, 2024 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti kwa kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko. Kupanda miti ni jambo jema, na kuhama penye hatari ni lazima. Lakini mche uliopandwa na mtu aliyeshuka garini, akapigwa picha na kuondoka, hauna mlezi. Na mtu anayeambiwa ahame bila kuonyeshwa pa kuhamia atarejea jua likiwaka, kwa kuwa hana pengine. Mpango wa ardhi usiojibu swali la mtu huyo atalala wapi ni mpango wa nusu.

Nini basi kifanywe? Kwanza, kila kata iliyo chini ya mwinamo ichore ramani ya njia za maji pamoja na wenyeji, juu hadi chini, ikionyesha maji yalikofika mwaka 1997 na mwaka 2024. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, Kikuyu na Kimaasai, ibandikwe katika ukuta wa shule na ofisi ya chifu, na asiuziwe mtu ploti kabla hajaonyeshwa ramani hiyo. Pili, kila kalvati chini ya reli na barabara lipewe nambari na jina la ofisi inayowajibika, na likaguliwe mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za masika na za vuli, wanakijiji wawili wakiwapo na kutia sahihi. Tatu, watu wa Kijabe juu na watu wa Mai Mahiu chini wawe na njia ya kupashana habari usiku: simu, kengele ya kanisa, redio za lugha za mahali. Maji huchukua muda kujaa nyuma ya tuta, na katika muda huo watu wanaweza kuamshwa. Nne, kuhamishwa kuende sambamba na ardhi mbadala.

La mwisho nawaachia walimu wenzangu na wanafunzi. Shule ni mahali pekee katika kijiji ambapo mtoto wa mfugaji, wa mkulima, wa mfanyabiashara na wa mkimbizi wa juzi hukaa dawati moja. Mwalimu wa jiografia awatoe wanafunzi darasani wakapime mvua na kuufuata mkondo mkavu hadi unakotoka. Mwalimu wa Kiswahili awape insha ya kumhoji babu au nyanya kuhusu mafuriko anayoyakumbuka, na kuandika majina ya vijito vyote vya kijiji pamoja na maana zake. Insha 40 za namna hiyo, zikikusanywa na kupelekwa kwa ofisi ya mipango ya kaunti, zitakuwa na habari ambazo mtaalamu wa kulipwa hatazipata kwa mwaka mmoja. Na mtoto aliyeandika insha hiyo, akikua akaja kuuziwa ploti ndani ya korongo, atajua la kusema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamuchiri ulikuwa ufa wa namna nyingine: ulikuwa tundu lililotakiwa kuzibuliwa, na likaachwa. Mvua za masika zitarudi, kama zinavyorudi kila mwaka, na maji yatashuka kutoka Kijabe kwa kuwa hayana njia nyingine. Wanaoijua njia hiyo bado wako hai. Tuwaulize sasa, kwa lugha wanayoielewa, tungali tuna nafasi ya kuwasikiza.